Kilio Ndani ya Ghala la Mbata

"Mtu akilia kweli, utamjuaje?"

Shangazi aliniuliza hivyo akiwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ameuegemeza kwenye meza ya cherehani ya marehemu mumewe. Jambo hilo liliniudhi. Nilikuwa nimerudi Msambweni kwa likizo kutoka chuo kikuu kule Kampala, msichana wa miaka ishirini na mmoja, na nilizoea kuuliza, si kuulizwa. Nyumbani walikuwa wamekwisha kunichoka. Nilimwuliza baba ni nani aliyewahi kupima kwamba maji ya kisima cha msikitini ni matamu kuliko ya kisima cha sokoni. Nilimwuliza mama kama kuna mtu yeyote aliyemjua kwa jina ambaye aliugua kwa kula embe na maziwa pamoja, au watu wanaambiana tu. Siku ya tatu mama aliniambia niende nikakae na shangazi, nimsaidie kazi. Nadhani aliyehitaji msaada ni mama mwenyewe.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa anakaa eda. Mumewe alikuwa fundi wa kushona kanzu, mtu mpole aliyeongea huku sindano ziko mdomoni, na alikuwa amefariki miezi mitatu na nusu nyuma. Kwa miezi minne na siku kumi shangazi hakutakiwa kutoka nje ya mlango, kuvaa cha kupendeza, wala kujipaka manukato ya aina yoyote. Hayo hakuyanung'unikia. Taabu yake ilikuwa nyingine: siku ya maziko hakulia.

Wanawake walijaa uwani siku ile. Wifi yake wa Gazi, dada wa marehemu, alilia tangu asubuhi mpaka sauti ikakauka, akanywa maji ya moto, akaendelea. Shangazi alikaa pembeni macho makavu, na alipofumbua kinywa, aliuliza kama mchele umetosha. Basi. Tangu siku hiyo, wanawake wa mji walipotaka kumtaja bila kumtaja, walisema "yule wa mchele."

Ingeishia hapo kama si desturi yetu moja. Siku mjane anapotoka edani huogeshwa asubuhi mbele ya wanawake wenzake, na kata ya kwanza ya maji humwagiwa na wifi yake, dada wa marehemu. Maana yake yajulikana: watu wa marehemu wanashuhudia kwamba huyu mwanamke alimwomboleza ndugu yao, na sasa wanamfungulia mlango. Wifi asipotokea, hakuna haja ya mtu kusema neno. Mwenye eda huingia mjini na doa ambalo hata sabuni ya magadi haiwezi kulitoa. Na wifi wa Gazi alikuwa ameanza kuwaambia watu kwamba hajaamua kama atakuja.

Katika hali hiyo ndipo sinema ilipofika.

Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa alileta lori lenye mashine ya umeme na shuka kubwa jeupe, akakodi ghala la mbata, lile la kuhifadhia nazi kavu. Wanaume wangeona jioni, wanawake Jumamosi baada ya adhuhuri, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Tangazo lilibandikwa ukutani mwa ghala: picha ya Kihindi, na mwigizaji wake, mwanamke mwenye macho makubwa kama visahani, alikuwa amepewa zawadi kule Bombay kwa namna alivyomlilia mume. Tangazo lilisema hakuna aliyetoka na leso kavu. Mimi nilisimama pale nikajiuliza nani aliyezikagua leso hizo.

Mwenye eda haachwi peke yake nyumbani, kwa hiyo ilibidi mtu abaki. Jirani alijitolea. Jirani huyu alikuwa muuza mahamri, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu, na alikuwa ameiona picha ile Mombasa kwa dada yake.

"Nendeni," alisema. "Mimi nimekwisha kuiona. Sina haja ya kupigiwa kelele mara mbili."

Ghala lilinuka mbata, na juu ya mbata lilinuka sisi: udi, asumini, karafuu, mafuta ya nazi yaliyotiwa viungo. Wanawake walikuja kama wanakwenda harusini. Wengi walivua buibui, lakini kwa kuwa mwendesha mashine alikuwa mwanamume, wengine, hasa wakubwa, waliacha ukaya umefunika uso. Mke wa Mhindi mwenye duka kubwa alisimama kando ya shuka na fimbo ya kufagilia utando, atufasirie.

"Sasa anasema, mume wangu, usiende," alitangaza. "Sasa mume anasema, nitakwenda. Sasa wanaimba. Nyimbo mtasikia wenyewe."

Taa ilikuwa imezimwa kitambo alipoingia mwanamke mmoja na kukaa kwenye gunia kushoto kwangu, peke yake, ukaya umeshuka. Nilimtambua kwa jambo moja tu: hakunukia chochote. Katika ghala lile lililojaa manukato, upande wangu wa kushoto ulikuwa kama dirisha lililofunguliwa. Nilifikiri ni maskini, nikamwonea huruma kwa muda mfupi, kisha nikarudi kwenye picha.

Mume alikufa, kama tulivyotegemea. Hapo mwigizaji akaanza kazi aliyopewa zawadi. Aligonga mikono kwenye kizingiti mpaka bangili zikavunjika moja moja. Akairarua shela yake. Akaanguka mlangoni, akainuka, akakimbilia mtoni, akauliza mto, akauliza mwezi, akarudi, akaanguka tena. Kwa muda ule mtu angeweza kuchemsha mbaazi zikaiva. Ghala zima lilikuwa linalia. Nyuma yangu wifi wa Gazi alikuwa anaongoza kilio, sauti yake naijua, inapanda ngazi tatu na kushuka mbili. Mke wa Mhindi naye aliacha kufasiri akajifuta na ncha ya sari, kwa hiyo mpaka leo sijui mto ulijibu nini.

Mimi sikulia. Mwaka ule tulikuwa tumefundishwa maigizo ya kale, na mwalimu wetu alisema mwigizaji hodari humwachia mtazamaji kazi kidogo. Huyu hakutuachia kazi yoyote. Nilikuwa nayahesabu makosa yake kwa raha kabisa pale mwanamke wa kushoto alipoanza.

Mwanzo nilidhani anakohoa. Kisha sauti ikatoka iliyokuwa haina umbo, ikakatika, ikatoka tena, kama mtu aliyebeba mtungi mlimani na hataki kuutua. Hakujipiga kifua. Hakuita jina la mtu. Aliinama tu, akawa anatikisika, na gunia tulilokalia likatikisika naye, na mimi pia. Ilinikera. Nikamwinamia nikamwambia kwa upole wa kisomi, "Dada, usijisumbue, yule analipwa kulia."

Alinyamaza. Nilijisikia nimefanya jambo la maana. Kisha akaanza upya kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na kabla taa haijawashwa alikuwa ameinuka na kuondoka. Maneno yale yalinirudia njiani nikaona yalikuwa mabaya, sikumsimulia mtu.

Wiki iliyofuata mji uligawanyika. Wako waliosema hajapata kuzaliwa mchezaji kama yule. Wako waliosema ametia chumvi. Kisimani watu walipangana kwa makundi. Mwanamke mmoja alikataa kumwazima mwenzake mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu ya ule mto. Lakini bunge lenyewe lilikaa chumbani kwa shangazi kila alasiri, kwa kuwa mwenye eda hutembelewa, na kwa kuwa wifi wa Gazi alikuja kila mara kupeleleza kama eda inakaliwa sawasawa. Alikaa karibu na mlango, na tambuu mdomoni.

"Yule ndiye mwanamke aliyefiwa," alisema siku ya kwanza. "Si wengine, macho makavu kama dagaa wa juzi."

"Amefiwa na nani?" jirani akamwuliza. "Mume alikuwa nyuma ya shuka anakunywa chai."

"Shoga, wewe huna moyo, una karai."

"Karai langu limekulisha mahamri miaka saba. Mimi nimefiwa na wawili. Mtu aliyefiwa hana nguvu ya kukimbia mpaka mtoni. Mtoni kuna umbali gani pale? Alikimbia na wanja haujachuruzika."

"Wanja wa Bombay hauchuruziki."

Shangazi alikuwa anasikiliza, mikono mapajani. "Mimi sikuona," alisema. "Nionyesheni."

Wifi hakungoja aombwe mara ya pili. Alitema tambuu, akajifunga leso kiunoni, akasimama katikati ya chumba. Nakiri alikuwa hodari. Aliirarua shela ambayo haikuwapo, akaanguka, akauliza mto, kisha akagonga mikono kwenye kizingiti kuvunja bangili.

"Bangili ndizo za kwanza," shangazi alisema.

Wote tukamtazama. Jirani akashikwa na kikohozi.

"Kwa mpango wa mambo," shangazi akaendelea taratibu. "Shela ikitangulia, mikono itakuwa imenaswa na kitambaa. Mume wangu alikuwa fundi, najua vitambaa."

Jirani akainuka kuonyesha namna yake. Alicheza yote, mlango, mto na mwezi, huku anageuza mahamri ya hewani asije akayaunguza, na alipofika kwenye mwezi akauliza bei ya ngano. Tulicheka sote, hata wifi, ambaye alijizuia haraka kwa kukumbuka yuko msibani.

Ningenyamaza hapo, mambo yangekwenda salama. Lakini nilikuwa na hoja, na hoja ilikuwa inaniwasha tangu Jumamosi.

"Mama," nikamwambia wifi, "wewe unasema yule ni hodari kwa kuwa machozi yake ni mengi. Lakini aliyekufa si mumewe. Ikiwa mtu anaweza kumlilia hivyo mume asiye wake, basi machozi si ushahidi wa kitu chochote. Anaweza kulia sana asiyeumia, na anayeumia asilie. Sivyo?"

Niliona ni hoja safi. Bado naiona ni safi. Lakini wifi wa Gazi alikuwa mtu aliyelia siku tatu mpaka sauti ikakauka, mbele ya mji mzima, na mimi nilikuwa nimemwambia, nyumbani kwa ndugu yake, kwamba machozi mengi hayana maana. Alifungua leso kiunoni. Alivaa buibui lake polepole, akitengeneza kila kunjo.

"Kumbe nilikuwa nacheza sinema," alisema. "Basi siku ya kutoka eda mtafuteni mchezaji mwingine amwage maji."

Akaondoka. Jirani alinitazama kama unavyotazama hamri lililoingiwa na inzi. Mimi nilianza kujitetea, nikasema nilitaka kumsaidia shangazi, kwamba hoja ile ilikuwa upande wake. Ndipo shangazi aliponiuliza lile swali, bila hasira, kana kwamba kweli alitaka kujua.

"Umesoma, mwanangu. Mtu akilia kweli, utamjuaje?"



Zilibaki siku tisa kabla ya kutoka eda. Nilikula vibaya siku mbili, na ya tatu nikapanda basi la asubuhi kwenda Gazi kuomba radhi. Nilimkuta wifi uwani kwake anampiga pweza juu ya jiwe ili alainike, na kwa jinsi alivyokuwa anampiga nilijua pweza si mlengwa peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunipima machozi?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Omba."

Niliomba. Alimgeuza pweza akampiga upande wa pili. Nilieleza kwamba sikuwa na maana yake yeye, kwamba nilizungumza kwa jumla. Akasema hajawahi kuonana na mtu anayeitwa Jumla. Alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda, akaniambia nikae na mimi.

"Nitakuambia kitu, kwa kuwa wewe unapenda kujua vitu," alisema. "Mimi nikilia, nalia kwa ustadi. Huitwa hata misiba isiyonihusu. Nikianza najua nitapanda wapi na nitashuka wapi, na ndugu yangu nilimlilia hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo njia ninayoijua. Sikumchezea. Yule wa Bombay naye anajua, kwa hiyo namheshimu. Lakini kulikuwa na mwanamke mbele yangu kule ghalani, kando yako. Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Yule hakujua ataishia wapi. Mimi nilinyamaza nimsikilize. Sijawahi kunyamaza katika kilio. Ni nani?"

"Simjui. Ukaya ulikuwa umeshuka."

"Si wa Gazi. Wa Gazi nawajua hata kwa kikohozi." Alitazama mikono yake. "Mwanamke kama yule angekuwa mke wa ndugu yangu, ningembeba mgongoni siku ya kutoka edani. Haya, nenda. Mwambie shangazi yako nitaangalia."

"Utaangalia kuja?"

"Nitaangalia."

Nilirudi nikamweleza shangazi yote, neno kwa neno, pamoja na habari ya mwanamke wa ghalani, maana nilidhani itamfurahisha kujua kwamba wifi yake anakubali kuna kilio kisicho cha ustadi. Jirani alikuwa anaweka sahani ya mahamri chini, akabaki ameinama na sahani mkononi. Shangazi alijifunika uso kwa leso. Mabega yakatikisika. Nikaogopa, lakini alipoifunua leso alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu nifike, anacheka hadi anashika meza ya cherehani.

"Hakuna kitu," alisema nilipomwuliza. "Ni huyo pweza tu."

Siku ya pili yake hapakuwa na harufu ya mahamri mtaani. Jirani hakuwasha jiko, jambo lisilowahi kutokea hata siku za mafua. Aliwaambia watu amekwenda Gazi kununua pweza. Mimi, niliyeuliza kuhusu kila kitu, sikuuliza kwa nini mtu akose biashara ya siku nzima kwa ajili ya pweza. Nilikuwa natunga hoja mpya ya kumpelekea wifi.

Asubuhi ya kutoka eda wanawake walijaa uwani. Maji yalikuwa tayari kwenye mtungi, yametiwa asumini. Shangazi alikaa kwenye kigoda na leso moja, mabega wazi, macho chini, na kata ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wa mtungi bila mwenyewe. Watu walikuwa wanaitazama kata kuliko walivyomtazama yeye. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama leo mchele umetosha. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nje, naangalia njia ya Gazi, maana nilijua ni kinywa cha nani kilichoharibu.

Wifi wa Gazi aliingia amebeba pweza mzima ndani ya kikapu. Alinipa mimi kikapu bila kunitazama, akapita katikati ya wanawake, akachukua kata, akachota. Hakumwaga mara moja. Alimtazama shangazi muda mrefu.

"Mwanamke wewe," alisema.

"Na wewe," shangazi akajibu.

Maji yakamwagika. Kisha akachota tena na tena, akamwogesha mwenyewe mpaka mtungi ukaisha, ingawa desturi ilimtaka kata moja tu. Kuanzia siku ile hakuna aliyetaja mchele.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu. Nilipokuwa mwalimu niliwapa wanafunzi wangu kama mfano: tazameni jinsi hoja safi, hata ikichukiza mwanzoni, inavyofanya kazi taratibu ndani ya mtu mwenye akili. Niliamini wifi alikwenda nyumbani, akaipima hoja yangu, akakubali. Shangazi alinisikia nikisimulia hivyo mara moja katika harusi. Alisema, "Ndiyo, mwanangu, ulisema vizuri," akaendelea kuchambua mchele.

Wao wawili walikwisha kufariki, shangazi kwanza, na wifi akamlilia siku tatu. Aliyebaki alikuwa jirani, ambaye alihamia Ukunda kwa mjukuu wake. Nilimtembelea alasiri moja, mimi mwenyewe nina mvi, na mjukuu alikuwa amewasha televisheni. Ilikuwa picha ile ile. Bangili zilikuwa zinavunjika.

"Bado anazidisha," nikasema.

"Anazidisha," jirani akakubali, "lakini tusimlaumu sana. Alimtoa shangazi yako machozi."

Nikamwambia shangazi hakuiona picha ile, alikuwa edani. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaanza kucheka bila meno.

"Hukuambiwa? Alinishika miguu wiki nzima. Ati akilia nyumbani watasema analia kwa kuwa amesikia anasemwa, na yeye anataka mahali pa kulia wasipomjua. Nikampa buibui langu. Mimi nilikaa ndani nimefunga mlango, kila anayebisha namwambia amelala. Siku moja tu, Mungu atusamehe. Wifi yake angeweza kumvua nguo mbele ya mji kwa jambo hilo, na hakusema mpaka anaingia kaburini."

"Wifi alijua?"

"Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia, Gazi. Alinikatalia, akasema ni maneno ya kumtafutia huyo mpenda mchele njia. Nikamwambia, basi mwenye eda anasema hivi: mtoto wa kaka yangu alinambia, dada, usijisumbue, yule analipwa kulia. Wifi akakaa chini. Alikuwa nyuma yenu, aliyasikia."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mara moja tu maishani mwangu, ndani ya ghala la mbata, kwa mwanamke wa kushoto asiyenukia chochote.